Zipangeni Tuzisome: Barua ya Wazi kwa Wenye Kurasa za Misahafu ya Kale ya Uajemi

Kwa wakurugenzi wa makumbusho, wakuu wa maktaba na wasimamizi wa nyumba za mnada, kuanzia New York, London, Dublin na Leipzig hadi Istanbul, Cairo, Tehran na Mashhad.

Waheshimiwa,

Assalamu alaikum kwa wanaoipokea salamu hiyo, na heshima kwa wote. Nawaandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mwalimu wangu wa chuo alinikaripia kwayo kila nilipokosea makhraja, kwa hiyo mtaniwia radhi mkilazimika kutafuta mkalimani. Najua hamkosi. Hoja yenyewe ni fupi. Mnazo kurasa za misahafu iliyoandikwa Uajemi na nchi zilizopakana nayo kati ya karne ya 11 na ya 15, misahafu iliyokuwa mizima na sasa iko vipande vipande: huku karatasi moja, kule tatu, kwingine juzuu nzima, yaani moja ya sehemu 30 za Kurani. Zipangeni. Pigeni picha kila karatasi mliyo nayo, mbele na nyuma, andikeni sura na namba za aya, kisha ziwekeni zote mahali pamoja mtandaoni kwa mpangilio wa msahafu, ili mtu aanze na Alhamdu, akifika palipopotea alione pengo, aliruke, aendelee.

Siombi leo mrudishe kitu. Suala hilo lina watu wake na mahakama zake. Naomba kazi ambayo haitamwondolea yeyote kati yenu hata karatasi moja kabatini.

Na ni kazi rahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu ya kitabu chenyewe. Karatasi iliyochomoka katika diwani ya mashairi au kitabu cha tiba inaweza kumhangaisha msomi mwaka mzima kabla hajajua ilikaa wapi. Karatasi ya msahafu haipotezi mahali pake. Mpeni mtoto wa miaka 12 aliyehifadhi juzuu zote 30. Akiona maneno matatu ya kwanza ataendelea kwa moyo hadi mwisho wa ukurasa, kisha atawaambia ukurasa uliotangulia uliishia wapi na unaofuata unaanza na neno gani. (Kuna aya zinazofanana, na mahafidhi wanazijua kuliko mimi; ndiyo maana nimesema maneno matatu.) Chuo kimoja cha watoto kinaweza kuzipanga kurasa mia baina ya alasiri na magharibi. Sijui kitabu kingine cha kale, chenye maelfu ya karatasi zilizozagaa duniani, ambacho wasomaji wake wa kawaida wana uwezo huo.

Hamu ya kuuona msahafu ukiwa mzima ni ya kale, na kisa chake kizuri kabisa kilitokea Shiraz. Ibn al-Bawwab, mwandishi mkuu wa khati, yaani sanaa ya mwandiko, aliyefariki mwaka 1022, alikuwa msimamizi wa maktaba ya Baha al-Dawla, mtawala wa Kibuyi. Siku moja, katikati ya vitabu vilivyotupwa kando, akaona juzuu yenye jalada jeusi. Kuifungua, akakuta ni mkono wa Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekuwa amekufa mwaka 940 na ambaye ndiye aliyeziwekea herufi za Kiarabu vipimo vya nukta na alifu. Akaanza kutafuta nyingine rafu kwa rafu. Alizipata 29. Moja haikuonekana.

Akamwendea mtawala, na mtawala akamwambia aikamilishe. Ibn al-Bawwab akakubali kwa sharti: akishindwa mtawala kuitambua juzuu mpya kati ya zile 30, atampa joho la heshima na dinari 100. Akaenda akachagua karatasi kuukuu za maktaba zinazofanana na zile za asili, akaiandika juzuu iliyokosekana, akaitia nakshi na dhahabu, akaipunguza dhahabu mng'ao ili ionekane ya zamani. Akavua jalada la juzuu mojawapo ya Ibn Muqla akaivisha yake, na ile aliyoivua akaitengenezea jalada jipya lililochakazwa. Mwaka ukapita. Mtawala alipokumbuka, akaletewa zote 30, akazipekua moja baada ya nyingine, asiijue iliyo ngeni. Malipo yakachelewa, kama ilivyo ada ya serikali, mwishowe Ibn al-Bawwab akaomba badala yake karatasi tupu za Kichina zilizobaki maktabani. Alizitumia miaka kadhaa.

Kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kama ushahidi wa ustadi wa mkono wake, na ni kweli. Lakini tazameni alichokifanya kwanza. Kabla ya kushika kalamu aliorodhesha: ipi ipo, ipi haipo. Juzuu 29 zilikuwa zimelala ndani ya jengo moja, chini ya mtawala mmoja, na bado hakuna aliyejua kuwa ni kitu kimoja mpaka mtu mmoja alipoamua kuhesabu. Zenu zimelala katika majengo mengi, na bado hazijahesabiwa pamoja.

Chukueni msahafu ule unaojulikana katika vitabu vya sanaa kama Kurani ya Karmati, ulioandikwa mashariki ya Uajemi au nchi ambayo leo ni Afghanistan, katika karne ya 12. Karatasi zake ziko Metropolitan Museum mjini New York, ziko Chester Beatty mjini Dublin, na ziko kwingineko kwingi. Ukurasa una mistari minne tu. Khati yake ni ile ya Kikufi cha mashariki: alifu na lamu zimesimama wima ndefu mno, kisha herufi za chini zinavutwa kwa pembe kali, na baina ya mstari na mstari kuna nafasi ambayo mwandishi wa leo angeiona ni ufujaji wa karatasi. Nafasi hiyo haikuachwa tupu. Ukurasa mzima, nyuma ya maandishi, umejaa mashina yanayojisokota na majani yanayochipuka kila upande, na kurasa zote zimefanywa hivyo. Ukisogea karibu utaona kwamba mchoraji wa majani alifanya kazi kwa kuzunguka herufi. Mashina hayazigusi, yanakwepa, yanazipisha. Herufi ziko mbele, bustani iko nyuma, na jicho halichanganyikiwi.

Sasa hesabuni. Msahafu wa Madina ambao wengi wetu tunausomea una kurasa 604 zenye mistari 15. Kwa mistari minne, tena mifupi, msahafu huu ulihitaji maelfu ya kurasa, na kila moja ilitiwa nakshi kwa mkono. Nani kati yenu anaweza kuniambia ni kurasa zipi za Suratul Baqara zimesalia? Kila mmoja anayo namba ya kabati lake. Orodha ya pamoja, iliyo wazi kwa msomaji wa kawaida, siioni.

Sisi watu wa mwambao tuna sababu yetu ya kuuliza. Ukiingia msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ukutani penye mihrabu kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ncha za herufi zake zinachipuka majani. Wataalamu wameyafananisha na maandishi ya Siraf, bandari ya Uajemi kwenye Ghuba, na wale wanaojiita Washirazi wana masimulizi yao juu ya bahari hiyo. Baadaye Siyu, kisiwani Pate, watu wetu waliandika na kunakshi misahafu kwa mtindo wao wenyewe katika karne ya 18 na ya 19, na mmoja wa misahafu hiyo leo uko Fowler Museum, Los Angeles. Basi mkishangaa kwa nini mwalimu wa khati wa Mombasa anajishughulisha na kurasa za Khurasani, jibu moja ni hilo. Jibu jingine ni kwamba Kurani inasomwa kwetu kila siku, na anayeisoma ana haki ya kuuliza iliko.

Katika jumba moja la makumbusho, ambalo sitalitaja, niliikuta karatasi ya msahafu wa namna hii imewekwa katika fremu ukutani. Kibao chake kilisema: ukurasa wa Kurani, Iran ya mashariki, karne ya 12, wino, rangi na dhahabu juu ya karatasi. Sura haikutajwa. Nikaisoma hapo hapo. Ilikuwa Suratu Yusuf, na maneno yalikatika katikati ya aya, ndugu zake wakiwa bado wanazungumza na baba yao. Kilichofuata kilikuwa upande wa pili, umeelekezwa ukutani. Nikamwuliza mhudumu kama kuna picha ya nyuma. Alikuwa mtu wa adabu, akaenda akauliza, akarudi akaniambia kuna picha ya mbele tu. Wageni waliokuwa pembeni yangu waliipiga picha karatasi ile kama pambo, na siwalaumu, maana kibao hakikuwaambia kwamba ni hadithi iliyokatizwa.

Ninyi mlio na kurasa za Umar Aqta mna jukumu kubwa zaidi, na naomba nisimame hapa kidogo.

Umar Aqta alikuwa mwandishi wa zama za Timur, mtawala mshindi wa Samarkand, mtu wa mkono mmoja. Qadi Ahmad, aliyeandika habari za waandishi na wachoraji katika zama za Wasafawi, anasimulia kwamba kwanza alimwandikia Timur msahafu mdogo mno, unaoweza kuingia chini ya kito cha pete. Timur hakuutia maanani. Basi Umar akaenda akaandika mwingine, mkubwa kupita kiasi, akaufunga juu ya gari la magurudumu akaupeleka hadi mlango wa kasri. Safari hii Timur akatoka mwenyewe na wakuu wake kumpokea.

Kisa cha pete mtu anaweza kukitilia shaka. Gari la magurudumu ni vigumu kulikataa, kwa sababu karatasi zipo. Moja ina urefu wa sentimita 177 na upana wa 101. Mtu mzima akisimama kando yake wanakaribia kulingana. Ina mistari saba tu, imeandikwa upande mmoja, na msahafu mzima unakadiriwa kuwa ulihitaji zaidi ya karatasi 1,500 za namna hiyo. Khati ni muhaqqaq, ambayo ndiyo khati ya fahari kuliko zote sita za kale: alifu imenyooka bila kuinama, na mikia ya nuni, ya wau na ya rei inateleza chini ya mstari kwa wepesi, mifupi ya kina, mirefu ya mwendo. Anayejifunza khati anajua muhaqqaq haisamehi. Katika naskhi ndogo, khati ya kawaida ya vitabu, mkono ukitetemeka kidogo jicho linapita; hapa kalamu ina upana wa takriban sentimita moja, na kila kusita kwa mkono kunaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Huwezi hata kuiandika alifu moja kwa kifundo cha mkono. Inabidi bega zima lisogee.

Kwa muda mrefu msahafu huu ulinasibishwa na Baysunghur, mjukuu wa Timur aliyefariki mwaka 1433. Mjini Samarkand, katika ua wa msikiti wa Bibi Khanum, bado lipo marufaa la marumaru, kubwa kama kitanda cha watu wanne, linalosemwa kuwa lilitolewa na Ulugh Beg ili msahafu wa ukubwa huo ulalie. Katika miaka ya 1820 msafiri Mskoti, James Baillie Fraser, alizikuta karatasi zake Quchan, Khurasani, akaambiwa zililetwa kutoka Samarkand na askari wa Nadir Shah. Baada ya hapo zikaenda kila upande. Baadhi ziko Mashhad, nyingine New York, nyingine mikononi mwa watu binafsi.

Na nyingine zilikatwa. Ukurasa wa mistari saba ulikuwa mkubwa mno kwa ukuta wa sebuleni, basi mtu akachukua kisu akautoa mstari mmoja au miwili, akautia fremu. Kuna vipande vya mstari mmoja ambavyo vinaishia pale sentensi haijafika kwenye kitendo chake. Sitaki kutumia maneno makali juu ya watu waliokwisha kufa, lakini kwetu karatasi ya msahafu iliyochakaa huzikwa au huwekwa mahali pa juu. Hakuna mlango wa fikihi niujuao unaoruhusu kuigawa kwa mistari ili itoshe ukutani.

Mnajua misahafu ya Uljaytu, ilkhan, yaani mtawala wa Kimongolia wa Uajemi. Baba wa babu yake, Hulagu, aliivunja Baghdad mwaka 1258. Kuanzia mwaka 1306 waandishi wa Baghdad hiyo hiyo walikuwa wakimwandikia kitukuu wa Hulagu msahafu wa juzuu 30, kwa karatasi kubwa zenye mistari mitano, uwekwe wakfu katika turba yake, yaani jengo la kaburi lake, huko Sultaniyya. Leo juzuu zake ziko Leipzig, Dresden na Istanbul. Mwaka 1313 ulimalizika mwingine, Hamadan, ulioandikwa na kunakshiwa na mtu mmoja, Abdallah bin Muhammad bin Mahmud al-Hamadani: muhaqqaq ya dhahabu iliyozungushiwa mstari mwembamba mweusi. Huo ulifika Misri, na mwaka 1326 amiri wa Kimamluki, Baktimur, akauweka wakfu Cairo. Juzuu zake zote 30 ziko Dar al-Kutub hadi leo.

Nimeitaja miwili hii kwa sababu ya neno wakfu. Msomaji wa Lamu au wa Unguja hahitaji kuelezwa: kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kurasa nyingi mlizo nazo zina mhuri au mwandiko wa wakfu pembeni, na hapo ndipo nawaomba msifiche. Mnapochapa picha msikate pambizo. Pambizo ndipo ilipo ile shamsa ndogo ya dhahabu inayohesabu aya kumi kumi, ndipo ilipo alama ya aya ya tano, ndipo mahali pa kusujudu panapoonyeshwa, na ndipo mwenye wakfu alipoandika kwamba kitabu hiki ni cha msikiti fulani. Nimeona katalogi nzuri sana zinazoonyesha kisanduku cha maandishi peke yake, kwa sababu katikati ndiko kunakopendeza.

Kwa wenye nyumba za mnada nina maneno machache, na nitayasema waziwazi. Karatasi moja moja inauzika haraka kuliko kitabu, na faida yake ikijumlishwa huzidi. Biashara hiyo ina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 dalali wa Paris, Georges Demotte, aliivunja Shahnama kubwa ya zama za Wamongolia akauza kurasa moja moja, na karatasi zilizokuwa na picha pande mbili akazipasua ziwe mbili. Hicho kilikuwa kitabu cha wafalme. Misahafu haikusalimika pia. Kwa upande mwingine, mnajua msahafu mzima unaweza kupata bei. Juni 2020, Christie's ya London iliuza msahafu wa karne ya 15 ulioandikwa Uajemi juu ya karatasi za rangi kutoka China ya Ming, ukapita pauni milioni 7, mara kadhaa ya makadirio. Wataalamu walihoji papo hapo historia ya umiliki wake, na walikuwa na haki. Anayetoa mamilioni anaweza kuonyeshwa kitabu kimepitia mikono ya nani. Anayenunua karatasi moja kwa pauni elfu kumi ana haki ya swali hilo hilo, na zaidi ya hapo, aonyeshwe dada zake karatasi hiyo ziko wapi.

Najua mtasema haiwezekani taasisi nyingi zikafanya kazi moja. Imeshafanyika. Biblia ya kale ya Kigiriki, Codex Sinaiticus, ilikuwa imegawanyika sehemu nne: British Library, monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, Maktaba ya Taifa ya Urusi na maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig. Kila mmoja alikuwa na hoja zake juu ya nani mwenye haki, na hoja hizo hazijaisha. Hata hivyo Julai 2009 kurasa zote zilizosalia zikafunguliwa mtandaoni kwa mpangilio wake, na leo padri wa kijijini anaweza kuzisoma kwa simu. Leipzig hiyo ndiyo yenye juzuu ya Uljaytu. Mnazo picha, mnao mafundi, na mnajua njia. Huko Berlin, mradi wa Corpus Coranicum umekuwa ukizionyesha kurasa za misahafu ya karne za mwanzo aya kwa aya. Metropolitan Museum iliachia picha zake bure mwaka 2017, na nimezitumia darasani mara nyingi. Nawashukuru kwa hilo. Kilichobaki ni kuziunganisha za huyu na za yule.

Pingamizi moja nalipa uzito wake. Mtu atasema: maneno ya Kurani yanajulikana, hayapungui wala kuongezeka, sasa kuna faida gani kuupanga upya msahafu wa Karmati wakati wa Madina uko dukani? Maneno ndiyo, yapo. Mkono haupo. Katika msahafu uliopangika unaona mwandishi akiwa na nguvu mwanzoni mwa Baqara na unaona kama alilegea alipofika Juzuu Amma. Unaona mahali nakshi ilipobadilika, labda mchoraji mmoja aliondoka akaja mwingine. Mwanafunzi wangu aliniuliza jinsi Umar Aqta alivyoziunga zile herufi tano zinazofungua Suratu Maryam, kaf, ha, ya, ain, sad, ambazo hazikutani hivyo mahali pengine popote katika Kurani. Lingekuwa somo la wiki nzima. Niko tayari kulifundisha siku yoyote nitakayojua ukurasa huo uko wapi, au kama upo.

Ndugu zetu wa Mashhad na Tehran, msidhani barua hii inawaelekea Wazungu peke yao. Maktaba ya Astan Quds Razavi ina hazina ambayo wengine wote wakikusanyika hawaifikii, zikiwemo juzuu zilizoandikwa na Uthman bin Husayn al-Warraq katika mwaka 466 Hijria na kuwekwa wakfu kwa haramu ya Imam Ridha. Bila ninyi orodha hii itakuwa na mashimo makubwa kuliko vitambaa. Na anayesoma Kurani Pemba au Bujumbura hana visa ya kuja kuziangalia.

Ombi langu la mwisho ni la utaratibu. Anzeni na Umar Aqta, kwa sababu karatasi zake ni kubwa, zinatambulika kwa mbali, na zina upande mmoja tu wa kupiga picha. Tangazeni orodha ikiwa haijakamilika, sura kwa sura, mapengo yaonekane. Wekeni anwani ambayo mtu mwenye kipande ukutani kwake anaweza kutuma picha bila kutaja jina. Mkikwama kutambua aya, tumeni kwenye chuo chochote cha Kurani, na kama mnapenda tumeni Mombasa. Mahafidhi tunao na hawatatoza kitu. Na ninyi wa nyumba za mnada, picha za kurasa mlizowahi kuuza zimo katika katalogi zenu za zamani, pamoja na zile ambazo leo hakuna ajuaye ziliko. Toeni hizo kwanza.

Wenu,
Mwalimu wa khati, Mombasa